Siku za akiba zilizowekwa upande usiofaa: kisa cha familia iliyoshuka melini Barbados

Kisa hiki ni cha familia ya watu watano niliyoipangia safari ya meli ya kitalii, kutoka Florida hadi Barbados, safari ya kwenda tu isiyorudi bandari ilikoanzia. Nimeondoa majina, mji wanaoishi, kampuni ya meli, kampuni ya ndege na mwaka. Wenyewe wameusoma uchambuzi huu na wameridhia. Mpangaji ni mimi, na kosa kubwa lililomo nililipitisha mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo naomba msomaji asiitafutie lawama familia hii.

Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu Waswahili tunaoishi Canada na Marekani tumeanza kuwapeleka wazazi wetu Karibi wanapokuja kututembelea, na safari za kwenda tu zinavutia kwa bei na kwa visiwa vinavyopitiwa. Lakini zina tatizo lake, nalo ni mwisho wake. Safari ya kawaida inakurudisha pale ulipoacha gari lako. Hii inakuacha kisiwani na mabegi, na kurudi nyumbani ni kazi nyingine kabisa.

Familia na nyaraka zao

Mzazi nitamwita Bibi, kama wajukuu wake wanavyomwita. Ana miaka 71, mwenyeji wa pwani ya Kenya, alikuja Ontario kumuona binti yake kwa miezi kadhaa. Binti ni raia wa Canada, anafanya kazi ya zamu hospitalini. Mumewe ni mkaazi wa kudumu wa Canada mwenye pasipoti ya Kenya. Watoto wao wawili, wa miaka 12 na 9, ni raia wa Canada.

Nyaraka zao naziorodhesha hapa mapema kwa sababu ndizo zilizoamua nani arudi kwa njia ipi. Mume alikuwa na viza ya Marekani iliyo hai na kadi yake ya ukaazi ilikuwa mpya. Hilo la kadi nililiuliza siku ya kwanza. Mkaazi wa kudumu ambaye kadi yake imeisha anaweza kurudi Canada kutoka Marekani kwa gari lake mwenyewe, lakini kupanda ndege ya abiria bila kadi hiyo au hati maalumu ya safari haiwezekani, na Barbados haina barabara ya kwenda Ontario.

Bibi alikuwa na viza ya Canada ya kuingia mara nyingi. Hiyo pia niliikagua. Mgeni anayetoka Canada kwenda Marekani tu, bila kupita nchi nyingine, na kurudi ndani ya muda aliopewa, hahitaji viza mpya ya Canada hata kama ile ya kwanza imetumika. Akigusa nchi kama Barbados, msamaha huo haupo tena. Viza yake ya Marekani ilikuwa ya zamani, imebakiza wiki chache. Ilikuwa hai siku ya kuingia Florida, na ingeisha meli ikiwa bado baharini. Kisheria hapakuwa na tatizo. Viza ni ruhusa ya kubisha mlangoni. Muda wa kukaa ndani huamuliwa na ofisa pale unapoingia. Njiani meli ingegusa ardhi ya Marekani tena San Juan, Puerto Rico, lakini hicho kilikuwa kituo cha kwanza baada ya Florida, kabla ya kugusa nchi nyingine yoyote. Baada ya hapo Bibi asingehitaji kuingia Marekani tena.

Isipokuwa mambo yaharibike. Hapo sikufika katika kufikiri kwangu.

Ratiba tuliyoipanga

Alhamisi: ndege kutoka Toronto hadi Fort Lauderdale. Usiku tatu hotelini. Jumapili jioni meli inaondoka. San Juan siku ya Jumatano, halafu visiwa vya upinde wa mashariki kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikiwa Saint Lucia, kisha Bridgetown Jumatano ya pili saa mbili asubuhi. Siku hiyohiyo saa tisa na nusu alasiri, ndege ya moja kwa moja kwenda Toronto. Jumapili inayofuata, Bibi angepanda ndege ya kurudi Kenya.

Usiku tatu za Florida zilitokana na hofu ya kawaida kwamba meli haimngoji mtu. Bibi pia alitaka kununua zawadi za kurudi nazo nyumbani kwa utulivu. Nikakubali. Kwa upande wa kurudi, Binti alikuwa na zamu ya Ijumaa na watoto walikuwa wanakosa shule. Akaniambia, "Dada, meli inafika saa mbili, ndege ni saa tisa na nusu. Tutakaa uwanjani mpaka tuchoke." Nilipiga hesabu nami nikaona sawa. Bandari ya Bridgetown iko upande wa magharibi wa kisiwa na uwanja wa Grantley Adams uko kusini-mashariki, katika parokia ya Christ Church. Kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 34 kwa urefu. Hata foleni ikiwa mbaya, ni mwendo wa saa moja. Nikaliridhia.

Tiketi za ndege nilizinunua kwa mkupuo mmoja, kwenda Florida na kurudi kutoka Barbados ndani ya tiketi moja ya miji tofauti, daraja linaloruhusu kubadilisha tarehe kwa kulipa tofauti ya nauli. Kampuni ya meli ilikuwa na huduma yake ya kukata ndege kwa abiria wake. Niliiacha kwa sababu bei yake ilikuwa juu, na ndege iliyopendekezwa ilipitia Marekani.

Jambo moja dogo ambalo huwa nalifanya kwa wazee: karatasi ya ratiba ya Bibi niliiandika kwa saa za Kiswahili, si tarakimu za meli. Mzee aliyezoea saa yetu akiona 8:00 kwenye karatasi ya melini anaweza kusoma saa nane, na meli ikamuacha gatini.

Usiku wa mwisho melini

Safari ilikwenda vizuri kwa siku tisa, na sitaisimulia. Jumanne jioni meli iliondoka Castries, Saint Lucia. Kutoka hapo hadi Barbados ni mwendo wa usiku mmoja, kwa polepole.

Kama ilivyo desturi ya usiku wa mwisho, abiria waliambiwa waweke mabegi makubwa nje ya milango ya vyumba kabla ya saa nne usiku, yakiwa na vibandiko vya rangi, yakusanywe na kushushwa gatini. Binti aliweka matatu. Katika moja mlikuwa na kijaluba cha dawa za presha za Bibi.

Saa tano usiku nahodha alitangaza kwamba kuna abiria mgonjwa sana na meli inageuka kurudi Castries kumpeleka hospitali. Hakuna aliyenung'unika, na Bibi aliamka akamuombea mtu huyo asiyemjua. Nahodha aliongeza kuwa anatarajia kufika Bridgetown karibu saa nne asubuhi.

Binti alinunua intaneti ya meli akaniandikia. Kwangu Toronto ilikuwa saa nne usiku, maana Barbados na visiwa vile havibadilishi saa zao na Novemba huwa mbele yetu kwa saa moja. Nikafungua ratiba za ndege. Ndege ya moja kwa moja ya Alhamisi ilikuwa imejaa. Ya Ijumaa ilikuwa na viti sita. Sisi tulihitaji vitano.

Usiku ule nilikuwa na njia mbili mbele yangu. Nibadilishe tiketi zote papo hapo kwenda Ijumaa, familia ilale Barbados usiku mbili kwa hakika, Binti akose zamu. Au ningoje, kwa sababu meli ikifika saa nne asubuhi kama nahodha alivyosema, ndege ya saa tisa na nusu bado inawezekana. Nilimshauri tungoje hadi tangazo la pili. Nilikuwa nahesabu gharama ya kubadilisha, na zamu yake, na shule ya watoto. Sikuhesabu kwamba ndani ya meli ile kulikuwa na mamia ya watu wenye ndege za siku hiyo, kila mmoja ameshika simu kama yeye.

Saa kumi na mbili asubuhi nahodha alitangaza tena: makabidhiano ya mgonjwa yamechukua muda, meli itafunga gati saa saba mchana. Nilipofungua skrini, Ijumaa ilikuwa imebaki na viti viwili.

Nani aende, nani abaki

Ndege ya Jumatano ilikuwa haijaruka, na hilo lilikuwa muhimu kuliko yote. Tiketi inayobadilishwa kabla ya ndege kuondoka bado ina thamani yake. Ukiacha ikuache, kampuni inakuhesabu kuwa hukutokea na unaweza kuanza upya kwa nauli ya dirishani, yaani ya anayenunua tiketi dakika za mwisho. Nikapiga simu, nikaomba vile viti viwili vya Ijumaa vishikiliwe, kisha nikauliza kuhusu watatu waliobaki.

Wakala alitoa njia tatu. Kupitia Miami, Alhamisi asubuhi, viti vilikuwepo hata kwa wote watano. Kupitia London, ambako mama wa miaka 71 angevushwa Atlantiki mara mbili ili afike mahali palipo saa tano tu kutoka alipo. Au kungoja ndege ya moja kwa moja hadi Jumatatu, na Jumapili ndiyo siku ya ndege ya Bibi ya kwenda Kenya.

Wote watano kupitia Miami lingekuwa jibu rahisi. Lakini viza ya Bibi ilikuwa imeisha siku tatu nyuma, na Marekani haina utaratibu wa abiria kupita uwanjani bila kuingia nchini. Hata ukikaa saa mbili tu ukisubiri ndege nyingine, unapita uhamiaji, unachukua mabegi, unayakabidhi upya. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kwa hilo.

Kwa hiyo Bibi lazima akae hadi Ijumaa, na kiti cha pili ni cha nani? Kwa hesabu ya kazi, mume ndiye aliyefaa kubaki, kwa sababu kazi yake inamruhusu kufanya mbali na ofisi, na mke angewahi zamu. Mume mwenyewe alijitolea. Binti alikataa mara moja, na nilimuelewa kabla hajamaliza sentensi. Bibi ni mkwe wa huyo mume. Mkwe na mkwe, mji wa ugenini, siku mbili, mama mtu mzima anayehitaji kushikwa mkono ngazini na kusaidiwa usiku akiamka. Hata kwa vyumba viwili, heshima yao ingewabana wote wawili: Bibi asingeomba maji, na mkwewe asingegonga mlango. Mpangaji asiyetoka kwetu angeona hapa jambo la ratiba tu. Ukiwapangia Waswahili, swali la nani anaweza kubaki na nani ni la kuulizwa mapema, sawa na swali la pasipoti.

Ikaamuliwa: baba na watoto wapitie Miami Alhamisi, Binti na mama yake wabaki hadi Ijumaa. Ndege ya kwanza ya kuunganisha iliyotolewa Miami ilikuwa na pengo la saa moja na dakika ishirini. Niliikataa, nikachukua yenye pengo la saa nne, kwa sababu uhamiaji wa Miami pamoja na mabegi ya watu watatu hauwezi kuaminiwa ndani ya saa moja. Kisha nikamkumbusha Binti aandike barua ya idhini kwa mkono, aweke sahihi, na picha ya pasipoti yake iambatane nayo. Serikali ya Canada inashauri mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya mwingine, na baba anayeonekana Miami peke yake na watoto wawili kutoka kisiwani anaweza kuulizwa.

Asubuhi hiyo Binti alikwenda dawati la mapokezi la meli akaomba barua rasmi yenye saa ya kufika iliyopangwa, saa halisi na sababu. Walimpa bila shida. Nilimwambia aichukue kabla hajashuka. Ukishatoka gatini, kuipata barua kama hiyo ni kuandikiana barua pepe kwa wiki.

Mchana wa Jumatano

Meli ilifunga saa saba kasorobo mchana. Abiria waliruhusiwa kushuka kwa makundi ya rangi, na wa kwanza walikuwa wale waliobeba mabegi yao wenyewe. Familia yetu ilitoka uhamiaji na forodha karibu saa tisa. Mabegi ndipo yalipoonekana, na Bibi akameza kidonge alichopaswa kukimeza alfajiri. Hakudhurika. Lakini nilipolisikia hilo baadaye, liliniuma kuliko gharama zote, kwa sababu nilimuandikia ratiba nzima kwa saa za Kiswahili na sikumuandikia mstari mmoja kwamba dawa zisitoke mkononi usiku wa mwisho.

Hoteli niliitafuta upande wa kusini, kati ya mji na uwanja wa ndege, vyumba viwili usiku wa kwanza na kimoja usiku wa pili. Watoto walifurahi kwamba magari hushika kushoto kama Kenya. Alhamisi alfajiri baba na wanawe wakaondoka; Miami walihojiwa kidogo, barua ikaombwa kweli, wakapita. Saa nne usiku walikuwa nyumbani.

Siku mbili za Bridgetown

Haya hayamo katika hesabu za mpangaji, lakini ni sehemu ya matokeo.

Meli za kitalii hukupa kisiwa kwa saa nane. Unashuka na umati, unapelekwa ufukweni au dukani, unarudi kabla ya honi. Alhamisi ile Bibi na binti yake walipata Barbados ya watu wanaoishi pale. Walipanda basi dogo la njia, lile la namba zinazoanza na ZR, jeupe lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu, kondakta akipanga watu, na Bibi akasema hii ni matatu imevuka bahari. Sokoni aliona shelisheli. Huko pwani ya Kenya tunalijua tunda hilo tangu utoto, la kuchoma na la kupika kwa nazi, na hakutegemea kulikuta upande wa pili wa dunia. Aliyeuza akamueleza kuwa kwao pia ni chakula cha nyumbani. Mchana walikula mlo wa taifa, unga wa mahindi uliosongwa na bamia ukapakuliwa na samaki wa kuruka. Bibi alionja, akatafakari, akasema ugali huu umekutana na bamia kabla ya kufika sahanini.

Mji ulikuwa na bendera za buluu na dhahabu kila mahali, kwa sababu Novemba ni mwezi wa uhuru wao. Barbados ilipata uhuru 30 Novemba 1966 na ikawa jamhuri tarehe hiyohiyo mwaka 2021. Bibi akamwambia dereva wa teksi kwamba Kenya nayo ilifanya hivyo, 12 Desemba 1963 na 12 Desemba mwaka uliofuata. Ijumaa asubuhi alitaka kujua kama kuna msikiti. Upo, mjini Bridgetown, wa Waislamu ambao wengi wao ni wa asili ya Gujarat. Hawakuwahi sala ya Ijumaa kwa sababu ya ndege, lakini walipita wakauona, na kwa Bibi hiyo ilitosha kuwa ziara.

Binti aliniambia walipofika: katika siku zote kumi na sita, siku aliyokaa na mama yake kweli ni ile Alhamisi.

Matokeo

Wote walifika salama. Kidonge cha mwisho katika kijaluba Bibi alikimeza Ijumaa asubuhi hotelini. Tulimfungashia vya siku 16 kwa safari ya siku 14, na zote 16 zikatumika. Gharama ya ziada, yaani vyumba, chakula, teksi na tofauti za nauli, ilifika karibu dola 1,900 za Canada. Bima ya safari ya familia ilirudisha sehemu yake baada ya kuona barua ya meli na risiti. Kampuni ya ndege haikuwa na wajibu wowote kwa sababu ndege yake iliondoka kwa wakati. Binti alikosa zamu mbili. Jumapili Bibi alipanda ndege ya Kenya akiwa amelala kitanda chake usiku mbili tu badala ya nne.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu ni kifupi. Tiketi ya daraja linalobadilika ilijilipa yenyewe. Kubadilisha kabla ya ndege kuruka kulilinda thamani ya tiketi zote tano. Barua ya meli ilifungua mlango wa bima. Na zile siku nne nilizoweka Toronto kati ya kurudi kwa familia na ndege ya Kenya ziliokoa safari ya Bibi. Kama ningemkatia tiketi ya Ijumaa, kama alivyotaka kaka yake aliyekuwa na harusi huko nyumbani, angeikosa.

Sasa kilichoshindikana. Kwa jumla ratiba hii ilikuwa na siku nyingi za akiba: usiku tatu Florida, siku nne Toronto. Saba kwa jumla. Bridgetown ilikuwa na sifuri. Yaani tulijaza maji kila mtungi isipokuwa ule wa jangwani.

Kati ya Toronto na kusini mwa Florida kuna ndege nyingi kila siku, za kampuni mbalimbali na kwa viwanja zaidi ya kimoja. Ukikosa ya asubuhi unapata ya mchana. Usiku mmoja pale ungetosha kabisa. Barbados ndege za moja kwa moja kwenda Toronto ni chache. Ikijaa ya leo unasubiri kesho, na kesho nayo ikijaa unaanza kuzungushwa kupitia nchi nyingine. Kwa hiyo thamani ya siku moja ya akiba haifanani kila mahali. Siku ile inatakiwa ikae kabla ya ndege ya nadra, na sisi tuliiweka kabla ya ndege iliyo tele.

Niliiweka vibaya kwa sababu nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kukosa meli. Hofu hiyo ni ya haki, ila iliuchukua muda wote niliokuwa nao wa kuogopa. Na karatasi ya meli inayoandika saa ya kufika kwa uhakika kama ratiba ya treni inakufanya usahau kuwa ile ni bahari na ndani mna binadamu elfu kadhaa. Upepo, mgonjwa, gati lenye meli nyingine: yoyote kati ya hayo huchukua saa tano bila mtu kukosea.

Jambo la pili ni viza. Nilikagua viza ya Bibi kwa ratiba iliyopangwa na nikaridhika. Nilipaswa kuikagua pia kwa ratiba iliyovunjika. Kutoka visiwa vya Karibi, njia karibu zote za dharura zinapita Miami, New York au uwanja mwingine wa Marekani, na asiyeweza kupita huko ana njia moja tu ya kurudi. Msafiri wa namna hiyo akiwemo kwenye kundi, kundi zima lihesabiwe kuwa na njia moja. Laiti safari ingeishia San Juan, ndege ya kutoka pale hadi bara la Marekani ni ya ndani na hakuna ukaguzi mpya wa viza, ingawa kwa Bibi bado ingebaki safari ya kuvuka kuja Canada. Barbados ilikuwa chaguo zuri la likizo. Ilihitaji tu kupangwa kwa masharti yake.

La tatu ni ule usiku wa Jumanne. Nimejiuliza mara nyingi kama kungoja kulikuwa kosa, kwa kuwa nahodha alisema saa nne. Naamini lilikuwa kosa hata kama meli ingewahi. Viti sita kwa watu watano, na meli nzima inatafuta, hiyo haikuwa hali ya kungoja tangazo la pili. Gharama ya kubadilisha mapema ilijulikana. Gharama ya kuchelewa haikuwa na mpaka. Ningebadilisha saa tano usiku, familia ingebaki pamoja, baba asingehangaika Miami, na watoto wangeonja shelisheli.

Kuhusu ndege zinazokatwa na kampuni ya meli: abiria walionunua kupitia kwao walihudumiwa na dawati la meli asubuhi ile, wakapewa nafasi mpya bila kupiga simu. Hilo lina thamani. Kwa familia yenye pasipoti za aina moja na siku zisizohamishika ningelifikiria. Kwa kundi lenye pasipoti mchanganyiko kama hili, bado ningenunua mwenyewe, kwa sababu dawati lile lilikuwa linapanga watu kupitia Marekani bila kuuliza viza ya nani imeisha.

Ratiba ambayo ningeiandika leo

Ondoka Toronto Jumamosi badala ya Alhamisi. Usiku mmoja Fort Lauderdale, zawadi zinunuliwe asubuhi ya Jumapili au ziachwe hadi Ontario. Meli Jumapili jioni. Shuka Bridgetown Jumatano, usiku mbili hotelini upande wa kusini, vyumba viwili, Bibi na wajukuu wa kike katika kimoja. Ndege ya moja kwa moja Ijumaa, viti vichaguliwe siku ya kununua. Jumla ya siku za likizo ya Binti ni zilezile. Zimesogezwa tu kutoka mwanzo kwenda mwisho. Ndege ya Kenya isogezwe hadi Jumatano inayofuata. Dawa ndani ya mkoba wa Bibi, begani kwake, kuanzia saa nne ya usiku wa mwisho.